Sanda ya Mama kwenye Meza ya Wageni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, mtaani anaitwa Fundi Pazia. Mwanamke, miaka 41. Kazi: kushona mapazia na foronya. Makazi: nyumba za nyuma ya soko la mitumba.

Nimeonywa niseme kweli, nami nasema ninayoyajua.

Mama yangu mzazi alifariki hospitalini tarehe 3 mwezi wa pili mwaka huu. Alikuwa na shuka la kitani alilorithi kwa bibi. Kitani kadiri kinavyofuliwa ndivyo kinavyolainika, na shuka hilo lilikuwa laini kama shavu la mtoto. Pembe moja ilichanika, mama akaishona kwa uzi wa buluu maana mweupe ulikuwa umekwisha. Alituusia kwamba akifa shuka hilo liwe sanda yake.

Nililifua na kulipiga pasi mwenyewe, nikampa mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyeingia kumwosha na kumvisha. Tulipoaga, tulioneshwa uso tu.

Mnamo tarehe 19 mwezi wa tano, asubuhi, nilikwenda kupima madirisha ya nyumba ya wageni iliyofunguliwa karibuni. Mwenye nyumba alitaka mapazia yaendane na kitambaa cha meza ya kulia chakula. Nikainua pembe niangalie rangi yake kwenye mwanga. Nikaona uzi wa buluu.

Nikakaa sakafuni. Mwenye nyumba aliniletea maji, akauliza kama nina presha. Nikamuuliza kitambaa kile kakitoa wapi.

Akasema, "Kaniuzia mama mmoja anayechechemea. Kitani cha kweli hicho, fundi. Wageni wanakisifu sana."

Mama mdogo anachechemea.

Nikamwambia, "Hii ni sanda ya mama yangu."

Hakunibishia. Aliondoa vikombe kimoja kimoja, akalikunja shuka, akanikabidhi. Lilikuwa na doa la chai.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Nilimkuta anaanika nguo. Nilimwamkia, akaitikia. Alipoliona shuka mkononi mwangu hakukana. Aliendelea kuanika, akasema, "Udongo haujui kitani, mwanangu. Mama yetu alimpa dada kila kitu. Mimi nilipewa nini?"

Nikamuuliza, "Ulimvisha nini?"

Alikung'uta nguo nyingine, akaianika. Kisha akasema, "Shuka la wodini. Lile lenye muhuri."

Majirani wanasema nilimpiga. Si kweli. Nilichukua beseni lake la nguo safi nikalimwaga matopeni, nikaja hapa kituoni.

Afande ameniuliza kama nataka ashtakiwe. Mama mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, na upande wa mama hajabaki mwingine. Sijaamua. Shuka hili nikirudishiwa, kulitandika siwezi, na kumfukua mama siwezi. Nikifumba macho nauona ule muhuri.

Nimesomewa maelezo yangu, ndivyo nilivyosema, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Kielelezo: shuka moja la kitani, jeupe, lina doa. Mtuhumiwa amekuja kituoni mwenyewe, nguo zake zina matope. Ameketi benchi moja na shahidi. Nimewaambia wakae mbalimbali, hakuna aliyekubali kuhama.