Mkunjo wa Figo Nimeukosea Makusudi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, mimi ni fundi cherehani, mjane mwaka wa nne sasa, na mwalimu mmoja wa chuo cha udaktari aliniletea kazi nisiyowahi kuiona, nimshonee viungo vya tumboni kwa vitambaa ili wanafunzi wavishike, na tulipofika kwenye wengu alikaa kwenye benchi langu akanieleza kwamba mtoto akiwa bado tumboni mwa mama wengu huanza kama vivimbe vidogo ndani ya utando ulio nyuma ya mfuko wa chakula, vivimbe vikaungana, kisha mfuko ukijigeuza wengu huvutwa kushoto, ukabaki umeshikwa na mikunjo miwili ya utando, mmoja wa kwenda kwenye mfuko wa chakula na mwingine kwenye figo, nikamwuliza, "Kwa hiyo umeshikwa huku na huku?" akacheka, akasema, "Fundi, wewe ungewashinda vijana wangu," na tangu mume wangu afe hakuna aliyecheka nami hivyo, basi nikaupitisha mkia wa kongosho kwenye mkunjo wa mfuko wa chakula badala ya ule wa figo, makusudi, ili arudi kunisahihisha, akarudi, nikakosea tena, akarudi, nikakosea tena, lakini mara ya tatu alikuwa na haraka, hakukagua, akasema Jumatatu atatuma mtu aichukue, sasa nikirekebisha ndiyo basi, nisiporekebisha labda atarudi na hasira lakini atakuwa amerudi, nifanyeje nami natamani hata kishindo cha viatu vyake?
Fundi Mpweke

Fundi, pole. Miaka minne ya kula peke yako si mchezo, sikucheki.

Lakini hebu tuambizane. Wanafunzi wale kesho ni wapasuaji. Atakayekariri kosa lako, siku anatoa wengu uliopasuka ataukata mkunjo wa figo bila kuangalia, na kongosho litaumia. Aliyelala mezani ni mtoto wa mtu. Amekukosea nini?

Na wewe mwenzangu, unajua kongosho linapita wapi, hujui kama mwalimu ana mke! Mficha uchi hazai.

Fumua leo. Shona sawasawa, vuta uone kama imeshika. Jumatatu usingoje huyo wa kutumwa, ipeleke mwenyewe, umweleze ulichofanya na kwa nini. Huenda akafoka. Huenda akakwambia ana mwenziwe, nawe utalia, utapona. Akikuuliza mbona hukusema mapema, mwambie uliogopa. Itakuwa kweli ya kwanza kumwambia tangu aanze kurudi.