Tarishi Hatembei Bila Kutumwa

Tarehe 6 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, najua shikamoo yako iko njiani. Sisi wazima. Kikohozi kimemwachia mama yako, na sukari yangu iko palepale, dawa nameza na yenyewe hainijali. Wewe je? Ule mvuke wa chumba cha kufulia hotelini haujakuharibu kifua?

Mashine yako ya kutembelea imefika. Walioileta waliibeba wakinung'unika, na sasa imekaa sebuleni imeelekea ukutani. Nimeipanda. Mkanda ukaanza kukimbia chini ya miguu, nikatembea mpaka jasho likanitoka, na niliposhuka nikajikuta palepale nilipopandia. Mwanangu, mimi nimekuwa tarishi mpaka nimestaafu. Mafaili na bahasha za ofisi nzima nimezipeleka kwa miguu hii. Sijawahi kutembea bila kutumwa, sasa nitembee niende wapi? Kwa hiyo mama yako ameifunika kitambaa na wageni wanaikalia wakivua viatu.

Daktari amesema nisipotembea kila siku nitakuja kupoteza mguu. Nimemwelewa, tatizo mwili unagoma.

Usinipigie simu kunigombeza. Niandikie, barua ndiyo niliyoizoea.

Ni mimi baba yako


Tarehe 27 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, na mama mpe yake. Kifua changu kizima, mikono tu ndiyo imebabuka kwa kunyoosha mashuka ya watu. Wewe miguu inaendeleaje?

Barua yako imenichekesha, halafu ikanikosesha usingizi. Ningekuwa huko ningekushika mkono tukazunguka nyumba. Ruhusa sipewi mpaka mkataba uishe. Nimeomba mpaka msimamizi akiniona anageuza njia.

Basi kama shida ni kutumwa, nakutuma. Humu ndani kuna bahasha ndogo ya shangazi. Iweke pale mbele ya mashine, tembea ukiiona njia kichwani, na usishuke mpaka umefika kwake. Kisha uniambie umemkuta anafanya nini. Najua ni mambo ya kitoto, baba, lakini nikiwa huku sina kingine cha kukusaidia.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, paka mafuta mikono hiyo.

Nimefika kwa shangazi yako. Nilipita sokoni, nikalikwepa lile dimbwi lisilokauka, nikapanda ngazi za stesheni. Hapo mama yako aliniona nainua magoti juu ya mashine akauliza kama akili zangu ziko sawa. Shangazi yako nimemkuta anamfokea fundi bomba, kama kawaida yake. Bahasha nimemkabidhi, yaani iko juu ya kabati.

Nataka nyingine, na ziwe za mbali. Nimevitoa viatu vyangu vyeusi vya kazi chini ya kitanda, nimevipiga kiwi. Mama yako anadai nivae zile raba ulizotuma. Nimemuuliza ameona wapi tarishi anaingia ofisini kwa watu na raba. Vinabana kidogo kwa kuwa miguu imevimba, ila sisikii maumivu yoyote.

Baba yako, niko kazini


Tarehe 8 Aprili

Baba tarishi,

Shikamoo. Hujui ulivyonifurahisha. Nimewasomea wenzangu barua yako tukiwa tunakunja taulo, na sasa kila mmoja anataka kukutuma. Viatu vyeusi navikumbuka. Nilikuwa navisikia vikipanda ngazi, naacha kila kitu nakimbilia mlangoni. Vivae, baba, vinakupendeza.

Nimekuwekea bahasha ya ofisi yako ya zamani, ya mwalimu wangu, na moja yenye jina langu. Hiyo ya mwisho ni safari ndefu, usiiharakishe. Tembea kidogo kila siku mpaka unifikie.

Mwanao anayekungoja


Tarehe 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nyinyi je? Barua zako zimekatika, na mama nikimpigia ananijibu umelala. Baba, kila saa umelala? Niambie ukweli tafadhali.

Mwanao


Tarehe 21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mguu wa kulia wamenikata, chini ya goti. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma ukihangaika kulitafuta.

Kiatu kilinichubua kidole na mimi nisijue. Kumbe sukari ilishanitia ganzi mguu mzima. Mama yako ndiye aliyeona, siku soksi ilipogandia kwenye kidonda. Alinisihi niache, alilia mama wa watu. Nikamwambia niko njiani kwa mwanangu, sigeuzi na bahasha ya mtu mkononi. Nikafunga kitambaa nikaendelea, na homa ilipokuja nikasema ni uchovu wa safari.

Usijilaumu. Wewe ulinituma tu, ukaidi ni wangu. Kwa sasa nimelala hospitali natazama dari, hata glasi ya maji naletewa. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Bahasha yako iko chini ya mto. Sikufika.

Baba yako


Tarehe 17 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia siku nyingi. Mimi nimesharudi nyumbani, kidonda kinafunga. Mama yako hajambo. Anasema ukimpigia unalia mpaka unakata simu, na kwangu barua hakuna.

Mashine bado iko sebuleni. Mama yako alitaka iondoke, nikakataa. Nina magongo sasa, na kutoka chumbani mpaka mlango wa nje nachoka njiani, basi nakaa juu yake napumzika. Kumbe wale wageni walikuwa na akili.

Mguu huwezi kunirudishia. Na mimi nikiwa huku siwezi kukunyamazisha, hilo ndilo linaloniumiza kuliko kidonda. Hapo tumeshindwa wote wawili, mwanangu, tukubali.

Ila asubuhi navaa shati, nafunga vifungo, halafu nakaa kitandani sijui niende wapi. Bahasha yako sijaifungua, ina jina lako, si langu. Nimeiweka mfukoni.

Nitume. Hata kama ni mpaka mlangoni. Hata kama hutaandika kitu ndani.

Baba yako