Mama Kajihariri

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita. Bajeti ya kitengo cha filamu hapa maktaba ya chuo inatosha mwongozo mmoja tu: ama toleo jipya la kile kitabu kikubwa, ama uanachama wa ule wa mtandaoni. Vyote viwili vinaorodhesha filamu zote, nani kaongoza, nani kaigiza. Nichague, ripoti iwe mezani kwake Jumatano ijayo. "Uamuzi ni wako kabisa," akasema, huku anachezea kalamu ya zawadi yenye nembo ya hao wa mtandaoni. Wangu kabisa.

Mimi ni mtu wa kitabu. Kizito kama mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa, wanafunzi wanakifanya mto wakati wa mitihani, na kikishasema jambo hakibadili kauli. Bosi anasema hiyo ndiyo kasoro yake. Tumeagana vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimevijaribu vyote viwili kwa haki. (Haki yangu mimi.) Kitabu: herufi za kusoma kwa lenzi. Mtandao: kabla ya kuniambia nani kaongoza filamu, umenitangazia magodoro.

Kisha nikatafuta filamu ya mama. Usichanani aliigiza muuguzi — anafungua mlango, anasema "Daktari anakuja," anaufunga. Basi. Tumekua na sentensi hiyo. Ukichelewa kuamka, daktari anakuja. Kitabuni kuna mwaka, mwongozaji, jina la staa, halafu "na wengineo". Mama ndiye wengineo.

Mtandaoni mama yupo. Wa kwanza. Mhusika mkuu, juu ya staa mwenyewe. Na picha — ile ya harusi ya dada. Bega lililokatwa pembeni ni langu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempitia mama baada ya kazi. Alikuwa anapiga pasi. Nikamuuliza nani kamweka pale.

"Wamenitambua."

"Akina nani?"

"Watu."

Pasi ikaenda, ikarudi. Mwishowe akasema: ni ile simu niliyomnunulia ili awaone wajukuu. Palikuwa na kitufe kimeandikwa Hariri. Akahariri.

"Kwani nimemfukuza mtu? Nimejisogeza tu."

Nikamwambia, mama, huku si kujisogeza, huku ni kupindua serikali. Hakucheka. Akachomoa pasi ukutani. Kumbe hakuwa na sentensi moja tu. Walimpiga picha siku kadhaa. Kulikuwa na kipande kirefu cha koridoni, yeye na staa, yeye analia. Siku ya onyesho la kwanza akapeleka ukoo mzima, bibi kavaa viatu vipya. Filamu ikaisha, majina yakapita, taa zikawaka. Bibi akamuuliza, "Mwanangu, kile kilio chako kilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzuri kuhusu ukweli wa kumbukumbu. Nimerudi nayo nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua ukurasa nimsahihishe kimyakimya. Nimechelewa. Staa yu hai, na ana simu. Kaandika chini ya filamu: mhusika mkuu nilikuwa mimi, na sijafa. Mama kamjibu mbele ya dunia nzima: "Hongera kwa kutokufa."

Wenye mtandao wakaingilia, wakaomba ushahidi. Mama kautoa bila kusita: "Maktaba ya chuo. Muulizeni binti yangu, ndiye mkuu wa kitengo cha filamu."

Kwa hiyo chanzo cha kuaminika ni mimi. Asante, mama.

Jumanne, 11 Machi

Wenye mtandao wamemwandikia Bosi, maktaba ithibitishe. Kafurahi, chuo kimetajwa. Kimetajwa kwa lipi, hajasoma. "Thibitisha tu," akasema.

Ripoti ni kesho. Nikichagua mtandao, nachagua kitu ambacho mama anaweza kukipindua akisubiri maji yachemke. Nikichagua kitabu, namrudisha kwenye wengineo kwa mkono wangu, na muhuri juu. Nimeandika: "Baada ya tathmini ya kina." Tathmini imeishia hapo.

Alasiri staa kapiga simu kaunta. Anakuja kesho asubuhi. Nimemwambia dada tu, na nimemsihi asimwambie mama. Ukiwa na dada kama wangu, redio ya nini?

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa kaunta. Wao wako meza ya dirishani.

Staa kaja na fimbo na miwani myeusi. Mama alishafika kabla yangu, kapaka rangi ya mdomo. Hawakupeana mikono. Staa akaomba kitabu, nikambebea. Nikamsomea, maana herufi ni zile zile za kusoma kwa lenzi. Baada ya jina lake kuna mabano, na ndani ya mabano neno: marehemu.

"Kitabu kimeniua," staa akasema. "Mtandao umenishusha cheo. Nyie wa maktaba mna kazi."

Mama akaanza kucheka, akajaribu kuacha, akashindwa. Staa akavua miwani, akamtazama sana.

"Ulikuwa na kipande cha koridoni," akasema.

Mama akaacha kucheka. "Unakikumbuka?"

"Ulinifunika pale. Sote tulioona tulijua. Ndiyo maana hakikubaki."

Mama akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: "Nani alisema kikatwe?"

Staa akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu yako. Nionyeshe hicho kitufe."

Nilidhani mama atagoma. Kampa. Bosi kapita, kauliza ripoti iko wapi. Nimemwonyesha ile meza kwa kidole, kaondoka akidhani nina wageni wa heshima. Labda ninao.

Sasa staa anaandika kwenye ukurasa wa filamu, herufi moja moja, kiganja kimefunika kioo. Ni dakika nyingi. Mama haulizi anaandika nini. Amekaa wima, mikono mapajani, kama anasubiri kuitwa.

Staa kainua kichwa. Kauliza jina la baba yake mama linaandikwaje, anataka la mama liwe kamili. Mama anamtajia, herufi kwa herufi —