Fimbo ya Ndege kwenye Meza ya Kotatsu

Ataka, Komatsu
Mkoa wa Ishikawa
Jumamosi, 13 Desemba 2014

Mpendwa wifi yangu Fusae,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Hujambo? Shemeji Osvaldo hajambo, na ule mguu wake umepona au bado anausingizia ili asipande ngazi? Uliniandikia kwamba huko Londrina jua linawaka hadi paka wanalala bafuni. Tuazimeni kidogo. Sisi huku miili ni mizima, ukiondoa ile shingo unayoijua. Ngurumo za Desemba zimeanza, zile zinazowaleta samaki wa buri, na tangu juzi madirisha hayatulii.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitalia, nawe utalia, na hakuna kitakachosemwa. Tena ndugu yako ametoka na gari asubuhi hii. Alisema "Natoka," basi, na tangu hapo sijui nikae au nisimame. Meza nimeifuta mpaka inang'aa, chai nimechemsha nikaisahau. Nikaona heri mkono ushike kalamu. Ukiona mistari inapanda na kushuka, ujue gari limepita na mimi nimeinuka kuchungulia.

Kuna jambo sikukwambia mwezi uliopita. Madaktari wamemaliza naye: Norihiko harushi tena. Pingili za shingo zimebanana kwa miaka yote ile ya kugeuka kutazama nyuma huku ndege inakata kona kali, na rubani wa ndege ya vita asiyeweza kutazama nyuma hana kazi angani. Wamempa kazi ya mezani kuanzia Aprili. Alishukuru, akainama, akarudi nyumbani, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Huko ndiko anakoishi. Nikimpelekea chakula anasema ahsante kama mgeni wa hoteli.

Halafu Jumapili moja aliniambia nirudi kwetu Niigata. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Wewe uliolewa na rubani," alisema. "Rubani hayupo. Nenda kwenu, Chizu, kabla hujachoka." Wewe ni mtu wa huku, unajua mume hamwambii mkewe maneno hayo leo akayasahau kesho. Nilimjibu nitafikiri. Sikufikiri chochote. Niliingia jikoni nikakata figili nyingi kuliko tunavyoweza kula watu wawili.

Simtaki mume mwingine, wifi. Nataka huyu huyu, na shingo yake mbovu.

Ndipo nikakumbuka siku ya harusi uliponivuta pembeni, kimono kikinibana, ukaninong'oneza: "Huyu akinuna usimbembeleze. Fanya kitu vibaya mbele yake, atakuja mwenyewe kukosoa." Nilidhani unatania. Sasa nikajiuliza, ni kitu gani ndugu yako hawezi kabisa kuvumilia kukiona kinafanywa vibaya? Jibu halikuhitaji akili nyingi.

Nikapanda treni mpaka Kanazawa, kwenye duka la vifaa vya kompyuta karibu na stesheni. Nilimwambia muuzaji nataka vifaa vya kuchezea gemu za ndege za vita. Anaitwa bwana Yonemura, mtu wa makamo, mpole, na ukimgusia ndege hanyamazi. Aliniuliza ni vya nani, nikamweleza. Akauliza mume wangu alikuwa anarusha ndege gani, nikamtajia.

"Basi dada, weka chini hiyo uliyoshika," akasema. "Hiyo ni fimbo ya kuongozea ndege ya kukaa pembeni. Mzee wako fimbo yake iko katikati ya magoti. Ukimpelekea ya pembeni atakufukuza."

Nikamwambia kufukuzwa nimeshafukuzwa, anipe ya katikati. Maskini, hakujua acheke au anipe pole.

Akanionyesha nyingine unayoinyonga kama kifuniko cha chupa ndipo ndege igeuze pua. Akasema hiyo ni kwa anayeanza, lakini aliyezoea kukanyaga ataidharau. Nikachukua vitu vitatu: fimbo ya kukaa katikati, mkono wa mafuta unaoshikwa kwa kushoto, na pedeli za miguu. Fedha ya friji mpya imeishia hapo. Hii ya zamani acha iendelee kukoroma.

Sasa cheka, nimekuruhusu. Unaijua nyumba hii, hakuna meza ndefu kuliko kotatsu, nayo ni ya kukalia chini. Nikaibana fimbo kwenye ukingo wake, nikakaa chini juu ya mto, nikaingiza miguu chini ya blanketi kwenye joto, na pedeli nikazisukumia humo humo. Nilipokanyaga tu, zikakimbia juu ya mkeka wa tatami zikatokea upande wa pili. Nikaziwekea gunia la mchele. Gunia nalo likasafiri. Nikazifuata kwa miguu mpaka nikawa nimelala chali, macho yanatazama dari, na ndege inakwenda inakotaka.

Kisha kompyuta ikaanza maswali. Kitufe hiki kifanye nini? Na hiki? Fimbo peke yake ina vitufe vingi kuliko vifungo vya koti la mkuu wa stesheni. Nilivigawia kazi jinsi mkono ulivyoangukia, na magurudumu nikayaweka palipotakiwa kuwa risasi. Kuhusu kupanda na kushuka niliamua kwa akili yangu: kuvuta fimbo kuwe kushuka, kuisukuma kuwe kupanda. Basi kila nilipoogopa maji nilivuta kwa nguvu, na kila nilipovuta niliingia baharini. Mengine nilikosea makusudi. Mengi hapana.

Siku ya kwanza mlango wa chumba cha nyuma haukutikisika. Nikaendelea kuzama. Siku ya pili ulifunguka kidogo, nikajifanya sijaona. Jana mchana, nikiwa nimezama tena, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nani kakwambia kuvuta ni kushuka?"

"Nimejiamulia."

"Na hizo pedeli?"

"Zinateleza."

"Zitaachaje kuteleza, umeziweka zifuate majani ya mkeka? Geuza kotatsu. Ukikanyaga kwa kukatiza majani, mkeka unashika. Miaka yote unaufagia, hata hilo hulijui?"

"Mimi naufagia, siurushi."

Hakucheka, lakini alipiga magoti. Alichomoa waya wa joto, akaondoa blanketi, akaizungusha kotatsu robo duara huku shingo yake imesimama wima. Pedeli zikatulia. Gunia la mchele akalirudisha jikoni mwenyewe, na wifi, nilivyomsikia akitembea jikoni, nilikaribia kuharibu kila kitu kwa kulia.

Akaja kwenye kompyuta. Alibatilisha mambo yangu yote bila kuniuliza, moja baada ya jingine, akinung'unika. Akanieleza kwamba fimbo mpya huwa na wasiwasi pale katikati, ukipumua tu ndege inayumba, kwa hiyo unailegeza hapo katikati iwe pole, ukali uuache pembeni unakohitajika. Aliijaribu, akailegeza tena kidogo, akaijaribu. Mkono wa mafuta aliuvutia mbali zaidi ili kiwiko kipumzike. Kisha akaniambia nishike mimi.

"Unaishika kama brashi," akasema.

"Nashika kila kitu hivyo." Unajua kazi yangu ni kupaka rangi bakuli za kauri, mkono umeshazoea.

"Hapo umepatia. Wanafunzi wangu walikuwa wanainyonga kama kuku."

Kwa sifa hiyo ningeweza kufua nguo za kambi nzima.

Kitufe kimoja alikiacha bila kazi. Kiko juu kabisa ya fimbo, pale gumba linapofika, kidogo kama punje ya mbaazi. Bwana Yonemura alinieleza kwamba hicho ni cha kutazamia. Ukikisukuma kulia unaona kulia, ukikivuta unaona kilicho nyuma yako. Nikamkumbusha.

"Mtu hageuzi shingo kwa kidole," akasema, akaachia fimbo. Nikauona uso wake unaanza kujifunga kama mlango wa kile chumba.

Hapo nilikasirika. Kwa wiki zote hizi sikuwa nimekasirika, nilikuwa nahangaika tu. Nikamwambia: "Shingo yako haigeuki, Nori. Hii inageuka. Chukua inayogeuka au niondoke nayo mimi." Sijui ulimi ule niliupata wapi. Nilidhani sasa nitafukuzwa mara ya pili, na safari hii kwa haki.

Kisha akakipanga kile kitufe, akavuta mto, akakaa.

Sina maneno ya kukueleza anavyorusha. Miaka yote nimemsikia tu akipita juu ya bati, kelele halafu kimya. Sikuwahi kuiona mikono yake kazini. Haikufanya haraka hata kidogo. Alipanda mpaka mawingu yakabaki chini, akakata kona, na katikati ya kona gumba lake likakivuta kile kitufe. Kwenye kioo ikatokea mikia miwili ya ndege yake, na nyuma yake mbingu tupu. Tangu majira ya kuchipua hajaweza kutazama nyuma. Alikaa anatazama, machozi yanamshuka hadi kidevuni, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Nilitaka kumshika. Sikumshika.

Akasema, "Hakuna mtu." Akatua taratibu, akazima kompyuta, akaenda kulala bila kula.

Hayo ni ya jana, na tangu jana maneno hayo mawili yananizunguka kichwani. Nilijiambia dawa ya moto ni moto. Sasa naogopa nimechochea tu. Huenda nimemrudishia kila alichopoteza akakiona vizuri, na baada ya kukiona akaamua. Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti lake zuri, akachukua ufunguo wa gari. Anarudi kinyumenyume kwa kutegemea vioo tu, na nusura agonge uzio wa jirani. Hata mwavuli hakuchukua, katika mkoa ambao watu husahau chakula chao nyumbani lakini mwavuli hawausahau. Naogopa, wifi, nakwambia wazi. Naogopa barabara na shingo ile. Naogopa pia kwamba atarudi salama salimini na tiketi yangu ya treni ya Niigata mfukoni.

Kwa hiyo nilitaka kukuuliza wewe uliyemlea. Mtu wa namna hii akikwambia uende, unakwenda ili apumue, au unakaa hata kama anakuchukia kwa kukaa? Nijibu haraka, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikikosa jibu lako nitaamua mwenyewe, na umeshaona nikiamua mwenyewe ndege inaishia wapi.

Ngoja, simu inalia.

Nimerudi. Usishangae mwandiko, naandika nikiwa bado nimesimama. Alikuwa yeye. Yuko Kanazawa, dukani kwa bwana Yonemura, nimesikia sauti ya bwana Yonemura nyuma yake ikieleza jambo bila kupumzika.

Hakunisalimu. Akasema, "Chukua rula upime mkono wako. Anzia kifundo, ishia ncha ya kidole cha kati."

"Wa nini?"

"Fimbo za hapa karibu zote zimetengenezwa kwa ajili ya mikono ya wanaume. Iko moja ndogo. Sijui kama itakutosha."

Nikamwambia fimbo tunayo, ameisahau?

"Hiyo yangu," akasema. "Chizu, ndege za vita haziruki moja moja. Jana nimetazama nyuma hakuna mtu. Anayekaa pale ni wewe, na ukishika fimbo inayokupwaya utanipoteza kwenye kona ya kwanza. Haya pima, watu wako kwenye foleni."

Nikapima. Rula iliniponyoka, nikapima tena. Sentimita kumi na sita na ushee. Akarudia namba hiyo kwa bwana Yonemura polepole, kama anavyosoma vipimo vya ndege, kisha akakata simu. Niigata hakuna aliyeitaja. Wifi, huyu ni mtu aliyeninunulia pete ya ndoa kwa kukisia, nikaifunga uzi ndani ili isidondoke siku ya harusi. Leo amesimama kwenye foleni anataka kujua mkono wangu una ukubwa gani.

Kompyuta ya pili tutaitoa wapi, sikuuliza. Kotatsu nayo ni moja. Sasa naiacha kalamu, nataka nikatandue blanketi na kusogeza makabati kabla hajafika.

Mpe shemeji Osvaldo salamu zangu, na mabinti zenu Marisa na Naomi, na mama mdogo Kinuyo mkionana naye kanisani. Wahenga wetu wa huku na watakatifu wenu wa huko wapatane kuwalinda, na mwaka mpya uwakute nyote mezani, mguu wa shemeji ukiwa chini na sahani zikiwa zimejaa.

Mimi wifi yako nikupendaye, na ambaye haendi popote,

Chizuru