Mkono Wako Uliopigwa Picha na Jua

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka. Huko uliko sijui kama kuna asubuhi, lakini nakusalimia nilivyozoea.

Leo nimetwanga tena majani ya kunde, nikakumbuka ulivyovunjika mkono. Yule ng'ombe mwekundu alikubana kwenye mlango wa zizi, tukakupeleka hospitali Bariadi, ukarudi umefungwa hogo la plasta, na eksirei yako kwenye bahasha. Kila mgeni aliyekuja ulimwinulia juani aione. "Wamenipiga picha mpaka kwenye mifupa," ulisema, "na kamera sikuiona. Wala sikuambiwa nicheke."

Kisha ikaja ile siku ya kuanika nsansa, mboga yetu ya majani makavu. Maji ya majani ya kunde yalimwagikia karatasi uliyotandika kwenye ungo, na upepo ukawa unaipeperusha. Ukaifunika kwa eksirei, ukaweka mawe manne kwenye pembe, ukaenda zako mkutano wa injili Mkula. Siku tatu. Uliporudi ukaifunua, ukaniita: "Kabula, njoo uone. Jua limenipiga picha." Mkono wako ulikuwa pale kwenye karatasi, mifupa myeupe, pembeni kijani.

Hukutosheka. Uliuliza jua limejuaje kupita hapa na kuacha pale. Katika sala ya jioni ulimwomba Mungu akueleze, halafu ukasema pengine anapenda tuendelee kuuliza. Mimi bado nauliza.

Karatasi ile niliitunza ndani ya Biblia, maana ikikaa kwenye mwanga inapauka. Tulipokuzika, Minza mdogo wangu aliiomba aende nayo kwake Lingeka. Nilimnyima. "Wewe umekaa na mama miaka yote," akasema, "mimi hata mkono wake wa karatasi nisipate?" Sikumjibu vizuri, mayu. Tangu hapo hapokei simu yangu. Picha zako za kwenye simu anazo, lakini hii ni nyingine. Hii umeigusa.

Basi nikaona nimtengenezee ya kwake. Nilitwanga majani ya kunde, nikachuja kwa kitambaa, nikapaka karatasi mara tatu, nikalaza eksirei juu yake, nikaweka juani. Lakini unanijua. Kila nikipita naifunua kidogo, nachungulia, nairudisha, kila mara imesogea kidogo. Natamani kuona inavyoingia. Siku ya tatu nikakuta mkono wenye vidole kama kumi na moja, vimepandana kama vijiti vya kuwashia moto. Nilikaa chini, nikaona aibu mbele zako na mbele za Mungu.

Nikaziweka karatasi zote mbili kwenye Biblia, nikapanda basi. Nilikuwa nimeamua kumpa ile nzuri na kumwomba msamaha.

Minza alinipa maji ya kunywa, akabaki amesimama mlangoni. Nikazitandaza mezani, nikamsogezea ile nzuri.

"Na hii ya vidole vingi?"

"Nimeiharibu. Nilikuwa nachungulia."

"Dada, yaani umezeeka na tabia ileile. Wali wa Krismasi ulikuwa unaufunua mpaka unatoka mbichi."

Nikamwambia nilikosea kumnyima, achukue. Hakuigusa. Aliinama juu ya ile iliyoharibika, akaanza kuvihesabu vidole, akacheka mpaka akajishikiza kwenye meza, kisha machozi yakamtoka.

"Ile rudi nayo," akasema. "Mayu gani huyo aliyetulia hivyo? Hata kanisani, mchungaji anahubiri, vidole vya mayu vinachambua pamba ambayo haipo. Mimi nachukua huyu. Huyu ndiye mama."

Akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akaniuliza kunde nilizitwanga mbichi au nilizichemsha kwanza.

Bwana akupumzishe, mayu, kama vidole vyako vitakubali.

Mimi mwanao wa kwanza,
Kabula