Baba, Mashine Sasa Inangoja Jibu

Kwa Baba yangu mpenzi, uliyetangulia mbele ya haki,

Baada ya salamu zinazokustahili, na dua ya kila Ijumaa ambayo naamini inakufikia, naomba kuwasilisha kwako jambo uliloniuliza hadi wiki yako ya mwisho: "Wale watu wa mashine, wameshajibu?" Wamejibu, Baba. Lakini niruhusu nilipange tangu mwanzo wake, kwani wewe hukupenda habari inayoanzia katikati.

Wakumbuka siku uliyotugawia shamba la Likoni, mimi na dada yangu Mwanaidi. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimetoka Changamwe kwa ruhusa ya siku moja, na viatu vya kazini miguuni. Ulikwisha kuwagawia majirani wengi kabla ya kutufikia sisi, na kila mahali utaratibu wako ulikuwa ule ule: unasimamisha kigingi, unainua nyundo, unamwita kwa jina aliye upande wa kulia, kisha aliye upande wa kushoto. Wote wawili wakijibu "Nipo," ndipo unapopiga. Siku ile mimi nilijibu. Mwanaidi, aliyekasirika kwa kuwa upande wake ulikuwa na shimo kubwa la udongo, akanyamaza.

"Piga tu, Baba," nikasema. "Amesikia."

"Kusikia amesikia. Hajajibu. Sipigi."

"Basi simama hapo mpaka magharibi!" akasema Mwanaidi.

Nawe ukasimama kweli, nyundo juu. Mwishowe yeye mwenyewe akaangua kicheko. "Haya, nipo, Baba, usije ukaota mizizi. Lakini minazi yake miwili ije kwangu." Ukanitazama, nikaridhia. Ukakihamisha kigingi, ukaanza kuita upya, kana kwamba hakuna aliyekwisha kujibu.

Macho yako yalipoanza kuingia ukungu, uliniomba niandike mipaka yote uliyoiweka, yetu na ya majirani, mti kwa mti. Nilikuwa nimejipatia kompyuta kuukuu, nami nilijifunza kuitumia peke yangu kwa vitabu vya kuazima, kama nilivyojifunza kuwaandikia watu barua za maombi. Chumba changu cha Chaani kilikuwa kikivuja, kwa hiyo nikaiweka sebuleni kwako. Kila Jumamosi nilivuka feri, ukasimulia, nikachapa papo hapo.

Hamu yako ya kuijua mashine ile ilinishinda. Uliigonga ubavuni kwa kidole.

"Ndani mna nini?"

Nikakueleza kwamba mna diski, na kwamba diski hugawanywa sehemu, kama shamba. Ukaketi wima.

"Mpaka wake ni mti gani?"

"Hauna mti, Baba. Ni tarakimu tu."

"Na aliye upande wa pili, mwamwitaje?"

Nikacheka, nikaendelea kuchapa. Diski yetu nilikuwa nimeigawa sehemu mbili, na kwa kuwa ulitufunza kuweka kilicho cha thamani mbali na barabara, kumbukumbu zako niliziweka katika ile ya mwisho kabisa, nikaona nimezisitiri.

Kisha mwenzangu mmoja kazini akanipa sidii yenye mfumo mpya wa kuendesha kompyuta, uliotungwa na watu wa mbali wanaojitolea. Niliyataka mambo mapya, nakiri. Programu ya kuuweka mfumo ule ilinionyesha orodha ya herufi na tarakimu, bila kusema palikuwa na nini wapi. Kumbe yenyewe ilikwisha kujichagulia sehemu ya mwisho kuwa makao yake. Ikaniuliza neno moja: "Una hakika?" Jibu la "ndiyo" lilikuwa limekwisha kutiwa alama. Nikabonyeza kitufe kikubwa. Chai haikuwahi hata kuchemka, Jumamosi zetu zote zikawa zimefutika. Flopi, kisahani nilichonakilia akiba, nilipoitoa chini ya mto wa kitanda changu kule Chaani, ilikuwa imeota ukungu.

Nilikuja mbele yako nikiwa nimejiandaa kukaripiwa.

"Kwani haikubisha hodi?" ukauliza.

"Iliuliza kama nina hakika."

"Hakika ya nini?"

"Haikusema."

"Ikamwita nani?"

"Haikumwita mtu, Baba."

Ukasema, "Basi hukukosea peke yako. Waandikie. Si ndiyo kazi yako?"

Nikawaandikia, kwa Kiingereza changu cha vitabuni, kupitia kompyuta ya kazini yenye modemu ya kuiunganisha na simu. Niliomba kwa heshima na taadhima kwamba diski ichorwe kama kiwanja, kila sehemu kwa upana wake. Kwamba sehemu iitwe kwa jina aliloipa mwenyewe, na vilivyomo vitajwe. Kwamba pasikatwe wala kufutwa kitu hadi mgawaji ameuona mpango wote kwa pamoja. Ombi la mwisho lilikuwa lako, nami nililiandika hivi: atakayebonyeza kitufe kikubwa bila kuandika neno, ahesabiwe kuwa hajajibu.

Wakati tukingoja, ulinishika bega tukaanza kuizunguka mipaka upya. Miti hukuiona tena. Uliipapasa magome, ukaitaja, nami nikaandika. Tulimaliza pande tatu za shamba letu. Upande wa nne miguu ilikataa, ukasema, "Kesho, inshallah." Kesho hiyo hukuwa nayo, Baba. Upande ule tuliuita sisi: Mwanaidi alishika nyundo, nikaita jina la jirani yetu Bi Riziki, naye akajibu kutoka jikoni kwake, "Nipo, na mnachelewa!" Mipaka ya majirani wengine hatukuipata yote, na hilo ni deni nisilojua nitalilipaje.

Sasa majibu yao. Waliandika kwamba wametafakari, wakaniuliza maswali mengi kuhusu wewe na nyundo yako, kisha wakaleta sidii mpya kwa posta. Safari hii nilinakili kwanza kila kitu mara mbili, kisha nikaiingiza, Mwanaidi amesimama nyuma yangu. Kiwanja kikatokea kwenye kioo cha kompyuta, kimechorwa kwa rangi. Makusudi nikaichagua sehemu ya mwisho. Ikaandika kwamba sehemu hii inaitwa MIPAKA YA BABA, jina nililoipa mimi, kwamba ina kumbukumbu ndani yake, na kwamba nikitaka ifutwe niliandike jina hilo lote kwa mkono wangu. Nikabonyeza kitufe kikubwa. Haikufanya lolote.

"Mbona huijibu?" akauliza Mwanaidi.

"Nataka nione itangoja mpaka lini."

"Wallahi, wewe na baba yako!"

Tukanywa chai. Tukasali alasiri. Mwanaidi akasuka ukili wake upande mzima wa mkeka, mara kwa mara akiinua macho kuitazama. Tuliporudi mbele ya kioo maneno yalikuwa pale pale, hayajasogea.

Dada akaniegemea bega, akasema polepole, "Angalia. Nyundo juu."

Nakuaga kwa unyenyekevu, Baba. Pumzika, kuna anayeshika zamu.

Mimi mwanao, mwandishi wa mipaka yako