Kikombe cha Mzee Kenji

Jumatatu, 3 Machi 2008

Dawa, kunyoa, kutandika. Mzee Kenji, ninayemtunza kwa mshahara, amekubali kila kitu bila kununa, nikashuku ana homa. Hana. Bintiye Yumi amenifungulia mlango, akaenda zake kazini bila kuchungulia chumbani kwa babake. Wanaishi nyumba moja hapa Laurel, Marekani, na hawasalimiani. Inaniuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwogesha. Mgongo wote ni michoro iliyochanjwa kwa wino, joka na maua. Ngozi imelegea hadi joka limepata makunyanzi. Nimecheka, naye akacheka. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakipo. Alikikata mwenyewe zamani, kumwomba radhi mkubwa wa genge lao huko Japani. Jambazi mstaafu, na mimi ndiye ninayempaka mafuta!

Nimemsimulia Mama Neema, tunayesali naye. "Mungu wangu! Dada, quit hiyo job. Wenzake watakuja kumtafuta!" Waje na nini? Wazee watupu, wanatafuta miwani.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mzee ameongea asubuhi nzima, kwa Kiingereza alichookota kwa wanajeshi wa Marekani alipokuwa kijana wa magendo. Genge lao lilikuwa na ofisi, jina mlangoni, kama chama cha ushirika. Kisha sheria ikabana, biashara zikaanguka, vijana wakakataa kujiunga. Nani wa kuamka alfajiri kufagia na kufokewa na wazee? Mkubwa alipokufa, polisi walikuwa wengi mazishini kuliko waombolezaji. Kenji akafunga ofisi, akaja kwa binti.

Genge sikulihurumia. Walionea watu, na nimemwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeharibu. Amekunywa chai nusu, akanisogezea kikombe. Kwetu Nyeri mzee akikusazia chai unamaliza, ni baraka, hata kama huna kiu. Nikamaliza. Mzee akalia. Kumbe gengeni, kunywa kikombe kimoja na mkubwa ndiko kulikokufanya mwanawe, hadi kufa. Ningecheka, ila Yumi alikuwa amerudi mapema, amesimama mlangoni. Ameona yote. Alisema babake aliwapa wageni kikombe hicho maisha yake yote, yeye hakuwahi kumpa. Akatoka.

Jumanne, 11 Machi

Yumi amenipigia. Mwisho wa mwezi mzee anapelekwa makao ya wazee, upande wa Upper Marlboro. Basi watamalizana hivyo, bila neno. Nimejichukia. Chai tu, jamani. Nimesali, nimekasirika, nimepika chapati ambazo sikuzila.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia mzee ukweli, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Mimi si mwanao. Mwanao yuko jikoni.

Akaomba fimbo. Tumeshuka ngazi pole pole, yeye akihema, mimi nikimshika kiuno. Yumi alikuwa anakata vitunguu. Mzee akakitazama kisu, nami nikakitazama kidole kisichokuwepo. Nikakinyakua kisu nikakitia kwenye sinki.

Hakukitaka. Alipiga magoti, paji la uso likagusa sakafu, akasema maneno kwa Kijapani. Sikuelewa hata moja. Yumi hakumwinua. Alisimama tu, machozi yakimtoka, labda ya vitunguu. Halafu naye akapiga magoti.

Nikatoka nje, nikawaachia jiko.

Jumapili, 16 Machi

Baridi, jua zuri. Yumi alipiga simu kabla sijaenda kanisani. Amechukua likizo, nisije kesho. Ya makao hakuyataja, nami sikuuliza. Nimeona wivu kidogo, kweli.

Aliuliza babake hupenda kula nini asubuhi. Mtu mzima, hajui. Nikamwambia wali laini na yai, ila amvumilie, hula taratibu mno.

Akasema atamsubiri.